Daftari la Uji

Mimi ndiye mweka hazina.
Shule niliachia darasa la sita, wakanichagua
kwa sababu mwandiko wangu hausinzii.
Daftari lina jalada la buluu,
pembe moja imeliwa na mbuzi wa Nyevu
siku ya mkutano wa kwanza.
Nilipiga mistari kwa kipande cha mbao:
jina, kitu, kiasi.
Nikadhani dunia itaenea humo.

Februari. Mvua imetusahau huku nyuma ya Langobaya,
watoto wanaanguka gwarideni asubuhi
kama mahindi yaliyopandwa juujuu.
Mwalimu Thoya aliwaita wazazi, hakusema mengi.
Alifungua rejista akatusomea waliokosa,
akaendelea kusoma,
akaendelea,
mpaka mmoja wetu akasema, basi mwalimu, tumesikia.

Kahindi: pojo, nusu debe.
Mama Mbodze: chumvi, pakiti tatu, na sufuria la matanga
ambalo halijawahi kupika kitu cha furaha.
Kina mama wa makuti: shilingi elfu mbili mia nne,
sarafu tupu, nilizihesabu mara nne, vidole vikanuka shaba.
Awadh, muuza vipuri wa Maweni, Malindi mjini,
asiye na mtoto huku wala shamba:
unga, magunia mawili kila mwezi.
Nilimpigia simu nimuulize kwa nini.
"Pikipiki zote za huko hununua tairi kwangu," akasema,
"mnadhani nakula peke yangu?"

Changawa ndiye huyapakia nyuma ya pikipiki,
na mafuta ni yake.
Kiasi gani, nikamuuliza, niandike.
Akajipangusa uso.
"Andika vumbi."

Wakaja pia wageni wa gari jeupe.
Tanki walitoa, la lita elfu kumi, Mungu awalipe,
na kibao cha majina yao, kirefu kuliko mlango wa jiko.
Kibao kilisimikwa kwanza.
Tanki lilikaa miezi miwili likingoja bomba,
watoto wakiita majina yao ndani yake
na kuitikiwa.
Bomba alilileta Kahindi,
lilikuwa likinywesha nyanya zake kabla hazijafa.
Kibao nacho kina kivuli kizuri. Kuku hulala pale.

Lakini mtihani wangu ni Sidi Ngumbao.
Hana mbuzi, hana kuku, na nyumba anayolala si yake.
Saa kumi alfajiri yuko jikoni,
anapuliza kuni mbichi mpaka macho yanaiva,
anakoroga kwa mwiko uliomzidi mwanawe kimo,
kisha anasimama nyuma ya foleni kuangalia
nani amerudi mara ya pili, na kwa nini.
Ndiye aliyegundua kwamba Karisa wa darasa la tatu
hunywa nusu,
nusu huimimina kwenye chupa ya plastiki
ampelekee bibi yake.
Hakumsema. Kesho yake alimtilia vikombe viwili
akageukia moto.

Jina: Sidi.
Kitu:
Kiasi:

Mkaguzi alipita mwezi wa sita,
akashusha kidole kwenye safu, kikakwama.
"Mbona pako wazi? Hesabu isiyojazwa ni hesabu iliyoibwa."
Nikamwambia, bwana, husemwa mkono mtupu haulambwi,
na huu wake wamelambia watoto mia mbili na tisa
tangu Machi.
Hakuandika hilo.
Sidi alimletea kikombe, kimekolea ukwaju,
akasimama palepale amwangalie,
kama anavyowaangalia wote,
mpaka akamaliza.

Sasa daftari limejaa.
Jana Karisa alinijia na la kwake,
mbele hesabu za kugawanya, mbili zimekosewa,
nyuma kweupe.
Nimelipokea, nimelipigia mistari, nimeanza na yeye:
Karisa. Kurasa. Thelathini na moja,
moja ina doa la uji.
Mstari wa pili nimeandika Sidi
nikainua kalamu.